Paipu za mafuta zimeliwa na kutu: niunge mpira au nibadili zote?

Nati13
Wakuu, naomba ushauri. Gari ni la zamani, petroli, mfumo wa injekta, pampu iko ndani ya tangi. Paipu za chuma zinazopita uvunguni, ya kupeleka mafuta (milimita 8) na ya kurudisha (milimita 6), zimeshika kutu. Hali ni mbaya zaidi juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vibanio. Gari likisimama harufu ya petroli inasikika, na ya kupeleka ina unyevu. Nikate palipooza niunge mpira, au nitoe zote? Na nikitoa, niweke za aina gani?

Uvunguni
Usiliwashe tena mpaka litengenezwe. Presha ya injekta nyingi za petroli ni bar 2.5 hadi 4, kwa hiyo tundu dogo kama ncha ya sindano linarusha ukungu wa petroli, na bomba la moshi liko hapohapo karibu.

Toa zote mbili. Kutu huanzia kwenye vibanio kwa sababu tope hukwama pale na halikauki, hivyo unachokiona ni sehemu tu ya kilichooza. Tena mpira hauzibi juu ya chuma chenye mashimo ya kutu: mafuta hupenya kwenye vile vibonde, na ukizidi kukaza klempu paipu yenyewe inabonyea.

Weka paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli (shaba asilimia 90, nikeli 10). Haishiki kutu na inapindika kwa mkono. Shaba tupu usiiguse: mtetemo huikakamaza, mwisho inapasuka.

Grisi na Spana
Naongezea kazi yenyewe. Injini ikiwa baridi, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini mara hii tu, bila pampu, mpaka izime yenyewe, kisha piga starta sekunde chache kumaliza presha. Ondoa waya hasi wa betri. Fungua kifuniko cha tangi. Kazi ifanyike nje, gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake, na mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu. Taa ya balbu ya kioo isiingie uvunguni. Ikivunjika inawasha petroli.

Pima urefu kwa uzi ukifuata njia ya paipu ya zamani, ongeza kidogo, kisha ishushe ile ya zamani nzima uwezavyo ikuongoze kwenye mikunjo. Kata kwa kikata paipu. Grainda hapana, inatoa cheche. Baada ya kukata, kwangua ndani ya mdomo na upulize hewa, maana chembe za chuma zikibaki zitaishia kwenye nozeli.

Nati iingie kwenye paipu *kabla* hujatengeneza mdomo, yaani kutanua ncha ya paipu ili nati iibane. Kosa hili hufanywa kila siku na linakula paipu nzuri.

Nati13
Asanteni sana. Nati za filta zimeganda, hazitikisiki. Na pale karibu na tangi lazima pawe na kipande cha mpira. Klempu za kawaida zitatosha?

Uvunguni
Nati: mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Tumia spana ya ringi iliyokatwa mdomo, ile ya paipu za breki, huku spana ya pili ikishika filta isizunguke. Ikigoma, kata paipu nyuma ya nati uivalishe soketi; hiyo paipu unaitupa hata hivyo. Moto wa gesi usiufikirie kabisa.

Mpira uwe umeandikwa SAE 30R9, alama ya mpira wa presha ya injekta. Ule wa 30R7 ni wa kabureta, presha ndogo, ingawa kwa macho unafanana nao. Ncha ya paipu lazima iwe na uvimbe. Mpira uupite, klempu ikae nyuma ya uvimbe. Klempu ziwe za bendi nzima. Zile zenye matundu ya skrubu hukata mpira.

Vibanio vipya viwe na raba, kimoja kila sentimita 30 hadi 40.

KabuKabu
Kwa wenye kabureta na pampu ya kwenye injini: paipu ya kutoka tangini inavuta, haisukumi. Ikitoboka inaweza isidondoshe hata tone, ila inanyonya hewa, na gari linakosa nguvu mlimani. Watu hubadilisha kabureta bure. Kagua paipu kwanza.

Grisi na Spana
Nati13, ukimaliza weka filta mpya, rudisha fyuzi na betri, kisha fungua swichi bila kupiga starta. Kwa magari mengi pampu inalia sekunde 2 au 3 inakata. Rudia mara tano, pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo. Ikitoka kavu, washa injini dakika kumi, zima, pitisha tena. Kiungo kikilowa hata kidogo, kifungue ukague mdomo wa paipu. Kukaza zaidi kunaupasua.