Mjadala: Mbegu za maboga na nyanya zinatosha kutukinga na saratani ya tezi dume?

Wakuu, mada hii imenigusa nyumbani. Baba yangu mdogo, miaka 68, alianza kuamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, na mkojo ukawa unatoka kwa kukatikakatika. Mtu akamletea kopo la unga wa mbegu za maboga: vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, kwenye juisi ya tikiti. Akapata nafuu kidogo, akatulia. Miezi saba baadaye mgongo ukaanza kumuuma. Akapimwa, saratani ikakutwa imeshaingia kwenye mifupa.

Ile nafuu ndiyo iliyotuponza. Tezi dume huvimba kwa uzee tu, bila saratani yoyote, na huenda mbegu zikapunguza kidogo adha ya mkojo. Saratani yenyewe mara nyingi huanza kimyakimya.

Msimamo wangu: chakula kina kazi yake, ila tumekibebesha kazi ya kipimo. Na vidonge vya virutubisho ndiyo kabisa. Kuanzia 2001, huko Marekani na Canada, wanaume zaidi ya 35,000 waligawanywa, wengine wakapewa vitamini E, wengine madini ya seleniamu, wengine vyote viwili, wengine vidonge visivyo na dawa. 2008 wakaambiwa waache kumeza, faida haikuonekana. Kufikia 2011 ikabainika waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hii kwa asilimia 17 zaidi. Kitu kilichoaminika kuwa kinga!

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, hivyo ni vya dukani. Mimi naongelea chakula halisi, nyanya na mchicha. Wazee wetu walikula hivyo na hawakuugua.

Mleta mada: Nyanya siipingi, tena iliyoungwa kwa mafuta hutoa laikopeni, ile rangi nyekundu inayosemwa kuwa kinga, vizuri kuliko mbichi. Lakini kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2020: wanaume 478 wenye saratani changa, nusu yao wakashauriwa kwa simu wale angalau vipimo saba vya mboga kwa siku. Mboga waliongeza kweli, ila baada ya miaka miwili ugonjwa haukupungua kasi kuliko kwa wenzao. Na wazee wetu, kaka, waliugua. Tulizika tukisema "mkojo ulifunga" au "mgongo ulimsumbua". Hakuna aliyewapima.

Mchangiaji wa 2: Wengi wanakikimbia kile kipimo cha kidole, daktari anapopapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa.

Mleta mada: Basi waanze na kipimo cha damu, PSA. Sisi watu weusi tuko kwenye hatari kubwa zaidi, na ukiwa na baba au kaka aliyeugua, usingoje miaka 50. Mimi nina 44, nimeshapima.

Baba mdogo sasa anachomwa sindano ya kushusha homoni ya kiume kila baada ya miezi mitatu. Sindano hiyo inadhoofisha mifupa, inaleta kitambi, na sukari inaweza kupanda. Hapa ndipo chakula kinapofanya kazi kweli. Soda tumeondoa, tonge la ugali limepungua, maharage, dagaa na mboga vimeongezeka, na jioni anatembea hadi msikitini na kurudi. Shida ni hamu ya kula, kuna siku anasukuma sahani baada ya matonge matatu. Wenye wagonjwa wa sindano hizi, mnawapa nini siku kama hizo?