MREJESHO: Taa za mbele kuzimika usiku

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu taa zote mbili za mbele kuzimika gari likishatembea kitambo, kisha kuwaka tena zikipoa. Kubadilisha rilei (swichi ya umeme inayowasha taa) hakukusaidia. Kilichofichua tatizo ni ushauri wa kupima volti taa zikiwa zimewaka: kati ya ncha ya waya wa arthi (unaorudisha umeme wa taa kwenye bodi ya gari) na hasi ya betri, multimita ilisoma volti 2.2, wakati inatakiwa isizidi 0.5. Bolti ya waya huo chini ya taa ya kushoto ilishikwa na kutu ya kijani. Sehemu hiyo ikipata moto, inakata umeme. Nimepiga msasa hadi bati likang'aa, nikafunga terminali mpya na kupaka grisi. Balbu za wati 100 nazo nimezitoa, nimeweka za aina ya H4 za wati 60/55 (60 taa kubwa, 55 taa ndogo), kwani soketi ya kulia ilianza kuyeyuka. Taa hazizimiki tena. Ya kushoto bado hafifu. Kioo chake cha ndani kinachoakisi mwanga kimefubaa, hicho ni cha kubadilisha tu.