Hilux 4.0 V6: nataka mlio mzito, lakini kabini isivume

kipozeo
Wakuu habari. Pikapu ni Hilux 4.0 V6 ya petroli (1GR-FE), ekzosi bado ni ya kiwandani. Nataka mlio mzito wa chini gari likiwa limesimama, na libweke kidogo nikikanyaga mafuta. Fundi mmoja anasema tukate sailensa tuweke bomba tupu, mwingine anasema tubadili zote ziwe bomba za inchi 3. Safari zangu nyingi ni barabara kuu, injini ikiwa kwenye 2,000 kwa dakika, na sitaki kushuka kichwa kinagonga. Nianzie wapi? Na je, inaweza kulia kama V8?

Gredi_Nane
V8 sahau, mkuu. Kwenye V8 za Kimarekani silinda za upande mmoja hazilipuki kwa nafasi sawa. Mara nyuzi 90 za mzunguko wa injini, mara 180, mara 270, na ndiko ule mngurumo wa kuchechemea unakotoka. V6 yako inalipua 1-2-3-4-5-6. Silinda 1, 3 na 5 ziko upande mmoja, 2, 4 na 6 upande wa pili, kwa hiyo kila upande unapiga kila nyuzi 240 bila kukosea, kama saa ya ukutani. Uzito utaupata. Kuchechemea hakuna bomba litakalokupa.

Bomba tupu achana nalo. V6 ikiachwa wazi haitoi uzito, inatoa mkwaruzo, hasa kuanzia 3,000 kwenda juu. Inchi 3 nayo ni kubwa mno kwa injini hii ikiwa haina tabo (turbo): unaongeza kelele na mvumo, nguvu huioni. Kaa kwenye inchi 2.5, na mikunjo iwe ya mashine isiyobonyeza bomba. Kona iliyobonyea inaziba njia kuliko sailensa yenyewe.

Mpangilio ninaoupendekeza: acha manifoldi (bomba zinazokusanya moshi kutoka silinda), katalisti (kile cha kusafisha moshi) na senso za oksijeni zilivyo. Baada ya pale pande mbili zinapoungana, weka rezoneta (kopo dogo la kupunguza kelele) ya kupita moja kwa moja yenye urefu wa sentimita 30 hivi. Hiyo ndiyo inayokula mkwaruzo. Kisha sailensa ya bomba lenye matundu lililozungushiwa sufi inayohimili joto, mwili wake usipungue sentimita 45. Ile fupi ya 35 inabweka vizuri gereji, barabarani utaichukia. Sailensa ya vyumba (ndani ina kuta badala ya sufi) inaleta uzito zaidi gari likiwa limesimama, ila ndiyo inayovuma zaidi kwenye mwendo wa kudumu, na wewe umeshasema safari zako ni zipi.

Ukiondoa katalisti, kando na sheria za hewa chafu, taa ya injini itawaka kwa P0420 (msimbo wa katalisti kutofanya kazi) na harufu itaingia kabini.

nati_tatu
Naongezea kwenye kuchomelea, maana hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika. Toa waya hasi wa betri kwanza. Usimalizie kuchomelea gari likiwa limening'inia kwenye lifti: ekseli ya nyuma inashuka, bomba linaonekana lina nafasi tele, ukilishusha chini linagusa. Shikiza kwa nukta chache tu za kuchomelea, shusha gari kwenye matairi yake, pakia mzigo kidogo, halafu kagua upya. Acha angalau sentimita 2.5 kila upande, na zaidi palipo na paipu za breki, waya na tanki la mafuta.

Hanga ziwe za raba, na bomba lisiguse chesisi popote. Likigusa, mtetemo unapanda kabini na watu wanailaumu sailensa bure. Mwisho wa bomba utokee nyuma ya bodi, usiishie chini ya kabini. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa ili maji yatoke, vinginevyo itaoza kutokea ndani.

Mzee wa Gasketi
Mmegusa kila kitu isipokuwa ule mvumo wenyewe. Hesabu yake ni nyepesi. Mizunguko 2,000 kwa dakika ni 33.3 kwa sekunde, na V6 inalipua mara tatu kila mzunguko, kwa hiyo unapigana na Hz 100. Hakikisha kwa programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti: abiria aishike usawa wa kichwa cha dereva, wewe ushikilie mwendo mmoja.

Dawa ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho. Urefu wake ni mwendo wa sauti ugawanywe kwa mara nne ya masafa. Ndani ya bomba hilo hewa haipiti, ni ya moto kiasi tu, chukua mita 420 kwa sekunde: 420 gawanya kwa 400, ni mita 1.05. Kata mita 1.15, funga kizibo kwa klampu, jaribu barabarani, punguza sentimita 2 au 3 kila mara. Ukifupisha, masafa yanapanda. Ukikata kupita kiasi hakuna kurudi. Kipenyo kiwe sawa na bomba kuu, na uliunganishe karibu na sailensa. Karibu na mdomo wa nje halifanyi kazi, pale shinikizo la sauti limeshakwisha.

kipozeo
Shukrani wakuu. Bomba hilo la mita moja nikilikunja lilale sambamba na bomba kuu, linaharibika?

Mzee wa Gasketi
Halina shida. Pima urefu kwa kufuata katikati ya bomba kwenye kona. Kizibo kikae juu kidogo kuliko maungio, maji yasituame. Ukishapata urefu, chomelea kizibo kabisa.

nati_tatu
Na kabla ya kufika huko, washa injini ikiwa ya baridi, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, mwenzako azibe mdomo wa nyuma kidogo kwa kitambaa kinene. Povu likitokea kabla ya senso, upande wa injini, bomba linavuta hewa ya nje, senso inaisoma na kompyuta inaongeza mafuta bila sababu. Kiungo kinachovuja ndicho pia kinacholeta ule mlio wa kupasuka-pasuka ukiachia pedeli. Kaza klampu zote tena baada ya joto la siku chache za kwanza.