Mjadala: Filamu za nyuma ya kamera zinafichua kazi au zinampamba mwongozaji?

Fundi Taa: Nimeitazama A.K., filamu ya nyuma ya kamera ya Chris Marker, ya mwaka 1985, mwongozaji wa Japani Kurosawa akiipiga filamu yake Ran kwenye miteremko ya Mlima Fuji. Ukungu, mvua, farasi, watu na deraya zao wanasubiri tu. Inapendeza. Ila waliovaa hizo deraya sikusikia wakiulizwa lolote. Hivi tunaonyeshwa kazi, au bosi anajengewa sanamu?

Mzee wa Kahawa: Waulizwe nini? Ngome ilijengwa kweli, ikachomwa kweli, Nakadai, mwigizaji mkuu, akashuka ngazi moto uko nyuma yake. Akijikwaa, hakuna ngome ya pili. Watoto wa siku hizi mkiona jasho tu, mnalia.

Binti Pangani: Shikamoo mzee. Hao watoto ni akina nani? Mimi wangu yuko kidato cha nne. Anayesema watu wamechoka halii, anatazama.

Kipanga: Si ndiyo hiyo Ran ambayo mwigizaji Mifune alirushiwa mishale ya kweli?

Binti Pangani: Mifune hayumo kwenye Ran! Mishale ni ya ile ya Kurosawa ya 1957, Throne of Blood, iliyotoka kwa Macbeth ya Shakespeare. Ran imetoka kwa King Lear. Na ule woga usoni mwake hakuuigiza wote, mishale ilikuwa inapiga mbao kando yake.

Kipanga: Mishale ni mishale. Kilichoniuma ni steringi kufa. Muvi gani hiyo?

Mzee wa Kahawa: Wewe umelelewa na vibanda vya video. Yule ni muuaji, alimuua bwana wake akiwa mgeni ndani ya nyumba yake. Ulitaka apewe mke na wimbo?

Kipanga: Nilitaka nauli yangu irudi. Na vibanda usivitukane, ndivyo vilivyotufundisha muvi.

Fundi Taa: Jamani, swali. Mimi naona Mami Sunada aliweza, kwenye filamu yake ya 2013 ndani ya Studio Ghibli, studio ya katuni ya Japani. Mwongozaji Miyazaki na aproni yake, sigara mkononi, ananung'unika. Takahata, mwongozaji mwenzake, haonekani ila kidogo sana, na filamu yake Kaguya, iliyopangwa kutoka Julai pamoja na ya Miyazaki, ikasogea hadi Novemba. Huyo asiyeonekana ndiye niliyemfikiria muda wote.

Kipanga: Miyazaki yupi, aliyeita waandishi wa habari 2013 akatangaza kustaafu? Filamu yake ya 2023 ikabeba Oscar. Huyo akikwambia amechoka unamwamini?

Binti Pangani: Afadhali yeye alirudi na filamu. Kuna mzee humu jana aliaga kwa hasira, leo asubuhi ndiye wa kwanza kuandika.

Mzee wa Kahawa: Sikuaga, nilikwenda kuswali. Na huyo Kipanga atuambie, kwenye Ran nani ni steringi, maana mle wanakufa karibu wote.