Wakuu, mipira ya gofu ya bei ya juu inatufaa sisi wachezaji wa ridhaa?

Shimo la Saba (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Naombeni ushauri.

Nacheza gofu wikiendi, handikepu yangu (kipimo cha uwezo, kikiwa kidogo ndiyo unacheza vizuri) inacheza kwenye 20. Dreva, ile fimbo ya mikwaju mirefu, napiga kwa wastani, na mara nyingi mpira unakata kwenda kulia. Fimbo za chuma siyo mbaya. Kinachonitesa ni mikwaju ya karibu na grini, lile eneo la nyasi fupi sana lenye shimo. Mpira unatua pale pale nilipotaka, halafu unabingirika hadi unatoka upande wa pili.

Ninaocheza nao wanatumia mipira ya bei ya juu, Titleist Pro V1, na wanasisitiza kwamba nikihamia huko nitaona mabadiliko siku hiyo hiyo. Mimi hadi sasa natumia chochote kilichomo kwenye begi: ya pakiti za bei nafuu, niliyookota kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni), niliyopewa. Shida yangu ni kwamba kila raundi napoteza mipira kadhaa, mingine majini, mingine vichakani. Nikifikiria kuzamisha mpira wa bei ile, roho inauma.

Je, tofauti ni ya kweli au tunalipia jina? Na hili la kwamba mtu asiyepiga kwa kasi lazima atumie mpira laini, lina ukweli?

Nyasi Fupi

Mkuu, kama bado unapoteza mipira kila raundi, kaa na hiyo ya nafuu. Pesa unayoiokoa mpe mwalimu akurekebishie huo mpira wa kulia. Fimbo ikifika kwenye mpira uso wake ukiwa wazi, yaani umegeukia kulia, mpira utakwenda kulia hata ungekuwa wa aina gani. Ni kweli mpira wenye mzunguko mdogo unapinda pungufu kidogo, ila tiba haimo ndani ya boksi la mipira.

Kedi wa Zamani

Shimo la Saba, swali lako ni zuri na linastahili jibu refu, nivumilie.

Tofauti ipo. Ila wengi wanaitafuta kwenye dreva, na huko ni ndogo mno kwa mchezaji wa kiwango chako. R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu, wameweka mipaka kwa kila mpira unaoruhusiwa mashindanoni: uzito usizidi gramu 45.93, kipenyo kisipungue milimita 42.67, na juu ya hapo kuna kikomo cha kasi ya kuanzia na kikomo cha umbali. Mpira wa bei ya juu unapita kwenye mlango huo huo unaopitwa na wa bei nafuu. Atakayekuambia utaongeza umbali mkubwa kwa kubadilisha mpira peke yake, mwombe mpime pamoja uwanjani.

Unacholipia hasa ni gamba. Mpira wa nafuu kwa kawaida una vipande viwili: kiini kikubwa na gamba gumu la ayonoma (aina ya plastiki), wengi wanalijua kwa jina la Surlyn. Gamba hilo ni gumu kuchubuka, ndiyo maana mpira ule ule unaweza kukaa nao muda mrefu usipoupoteza. Lakini ugumu huo huo unaufanya uteleze kidogo kwenye uso wa weji, ile fimbo ya mikwaju mifupi ya kuinua mpira. Mpira wa bei ya juu una tabaka tatu au zaidi, na la nje ni yurethani, jembamba na laini. Ukipiga kwa weji, yurethani inabanwa kati ya uso wa fimbo na tabaka gumu lililo chini yake, inashika kwenye mifereji ya weji, na mpira unatoka ukiwa chini zaidi na unazunguka sana kurudi nyuma.

Sasa jiweke mita 40 kutoka kwenye shimo, nyasi fupi, hakuna banka (shimo la mchanga) mbele yako. Ukiupiga safi mpira wa yurethani, unatua, unadunda mara ya kwanza kama kawaida, mdundo wa pili unashika breki. Wa ayonoma kwa mkwaju ule ule unatoka juu kidogo, unadunda, unadunda tena, kisha unabingirika. Hicho ndicho unachokilalamikia. Kwa hiyo wenzako hawakudanganyi.

Lakini nisikilize kabla hujatoa pesa. Neno la kushika hapo ni "safi". Nyasi ikiingia kati ya fimbo na mpira, au fimbo ikianza kugusa ardhi kabla ya mpira, au mifereji ya weji ikiwa imejaa udongo mkavu, mzunguko unapotea hata ukiwa na mpira wa gharama kuliko yote. Nimebeba mabegi ya watu wengi sana, na weji chafu nimeziona kuliko mipira mibaya. Uwe na taulo, loweka upande mmoja, futa uso wa weji kabla ya kila mkwaju. Fanya hivyo kwanza, halafu ndiyo tuzungumze habari ya mpira.

Kapu la Mipira

Naongezea kwa Kedi wa Zamani, kwa sababu historia inaeleza vizuri bei hii imetoka wapi.

Zamani mchezaji wa kulipwa alitumia mpira wa nyuzi za raba zilizoviringishwa kwenye kiini, gamba lake balata, aina ya raba laini. Ulitii kwenye grini, ila ulizunguka mno hata kwenye dreva, na mkwaju mmoja mbovu wa chuma uliukata gamba. Sisi wengine tulibaki na mpira mgumu wa vipande viwili, unaokwenda mbali na usiotulia. Ilikuwa uchague kimoja. Mwaka 2000 mambo yakageuka. Tiger Woods alishinda US Open pale Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15 akiwa na mpira wa Nike wenye kiini kizima na gamba la yurethani, na Oktoba mwaka huo huo Pro V1 ikaingia kwenye PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani. Baada ya muda mfupi mipira ya nyuzi ikatoweka kabisa kwa wachezaji wa kulipwa.

Kilichowavutia ni mpira mmoja wenye tabia mbili. Kwenye PGA Tour dreva inautoa mpira ukizunguka takriban mara 2,600 kwa dakika, na pitching weji zaidi ya mara 9,000. Zile tabaka za ndani zipo kwa ajili ya kazi hiyo: ukigongwa kwa nguvu kiamke kiini, ukigongwa kwa weji lifanye kazi gamba. Wale wanapiga dreva kwa kasi ya zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Wewe na mimi hatuko huko, kwa hiyo ile nusu ya kwanza ya ufundi wake tunaitumia kidogo. Nusu ya pili, ile ya weji, tunaihitaji kama wao.

Mama Banka

Wadau mnazungumza kana kwamba kuna mipira ya aina mbili tu duniani. Hapana jamani.

Kuna mipira ya yurethani ya bei ya kati, na nashangaa hakuna aliyeitaja. Srixon Q-Star Tour ina gamba la yurethani. TaylorMade Tour Response pia. Hata Kirkland Signature, inayouzwa chini sana ya hizo za majina makubwa, ni yurethani. Ukikaa nayo karibu na grini, mchezaji wa handikepu 20 akifumbwa macho sidhani atakuonyesha ipi ni ipi.

Kitu kimoja uwe makini nacho: usisome jina, soma gamba. Neno "Tour" limeandikwa kwenye mipira ya kila aina. Titleist Tour Soft kwa mfano ni mpira mzuri, lakini gamba lake si yurethani. Kwenye boksi au kwenye tovuti ya mtengenezaji wanasema gamba ni la nini. Wakikaa kimya, mara nyingi ujue si yurethani, kwa sababu aliyeiweka hawezi kuacha kujisifia.

Nyasi Fupi

Mama Banka, hapo nakubaliana na wewe kwa mtu anayebaki na mpira hadi shimo la 18. Huyu ndugu anazamisha. Mpira wa kati ukizama umezama.

Mama Banka

Ndiyo, lakini kuna mipira iliyotumika. Inaopolewa kwenye mabwawa, inaoshwa na kupangwa kwa madaraja. Ya daraja la juu unaweza kudhani imetoka kwenye boksi. Unapata yurethani kwa bei ya ile migumu. Tahadhari mbili tu. Usichukue iliyopakwa rangi upya, maana rangi inajaza vile vishimo vya juu na vishimo ndivyo vinavyoupeleka mpira hewani. Na ukiona imebadilika rangi au ni ya toleo la kale sana, iache, mpira uliokaa majini muda mrefu hupungua umbali.

Kipimo cha Upepo

Nijibu lile la mpira laini maana naona limerukwa, na ndilo linalowapotosha watu wengi.

Maneno ya kwamba usipopiga kwa kasi "hutaukandamiza" mpira mgumu si sahihi. Kila anayepiga mpira anaukandamiza, hata mtoto. Mpira laini kwa ujumla unatoka kwenye fimbo kwa kasi ndogo kidogo kuliko mgumu. Kwa mtu wa kasi ya chini hasara hiyo ni ndogo, kwa hiyo haukuharibii, lakini pia haukuongezei umbali kama unavyoahidiwa. Ulaini ni suala la mkono na sikio lako. Ukipenda mlio wake kwenye pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni), utumie kwa amani. Ila jua kwamba mpira laini wa vipande viwili huzunguka kidogo hata kwenye chuma, na wewe tayari unalia kwamba mipira haitulii kwenye grini.

Shimo la Saba

Nashukuru sana wakuu, nimejifunza mengi. Kedi wa Zamani, hebu nielekeze: nipimeje mwenyewe bila kununua boksi zima la kila aina?

Kedi wa Zamani

Omba kwa wenzako, au nunua mipira michache michache. Chukua aina mbili au tatu, usizidishe. Nenda kwenye grini ya mazoezi, usiende uwanja wa kupigia mipira kwa sababu ile mipira ya mazoezi haikuambii kitu. Anza mita chache nje ya grini, kisha mita 20, kisha 40 au 50. Piga kwa mzunguko: mmoja wa huu, mmoja wa ule, rudia. Angalia sehemu unapotua na sehemu unapokoma, na mkwaju uliogonga vibaya usiuhesabu. Halafu jaribu kwa pata. Dreva iwe ya mwisho, na kama tofauti ni ndogo isahau.

Kuna jambo lingine, na kwangu ni zito kuliko bei. Acha kuchanganya. Leo shimo la kwanza unacheza yurethani, la tatu ayonoma, la tano mpira wa kuokota ambao hata hujui ni wa mwaka gani. Kila mmoja una mdundo wake na mbio zake kwenye pata. Mkono wako utajifunza lini? Mchezaji wa handikepu 20 mwenye mpira mmoja wa bei nafuu, huo huo kila wiki, atakuwa na mguso mzuri kuliko mwenzake mwenye Pro V1 mbili na mchanganyiko wa kila aina. Chagua kimoja, ishi nacho msimu mzima.

Shimo la Saba

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimepima kama nilivyoelekezwa, weji ikiwa imesafishwa.

Nje kidogo ya grini, kwa mkwaju wa kubingirisha, sikuona tofauti ya kunifanya nitoe pesa. Mita 40 ndipo nilipoamini. Mipira ya yurethani ilikuwa inasimama hatua kadhaa nyuma ya ile ya nafuu, na ilikuwa inarudia vile vile. Kati ya Pro V1 na ile ya bei ya kati sikuweza kutofautisha kwa jicho. Kwenye pata nilipendelea ya kati, mlio wake umetulia zaidi.

Nimeamua nachukua ya bei ya kati, iliyotumika ya daraja la juu, aina moja tu. Mwalimu nimeshamtafuta pia kwa habari ya kulia, Nyasi Fupi asante.

Swali la mwisho: kuna shimo pale kwetu lazima uvuke bwawa. Naruhusiwa kutoa mpira wa nafuu nivuke nao, halafu nirudi kwenye wangu?

Kipimo cha Upepo

Shimo lote lazima ulimalize kwa mpira ule ule uliouanza kwenye tii (mahali pa mkwaju wa kwanza), isipokuwa pale kanuni inapokuruhusu kubadilisha, kama umepotea au umepasuka. Ukimaliza shimo, linalofuata unaweza kuanza na mpira mwingine wowote unaoruhusiwa. Kwenye mashindano ya kulipwa huwekwa kanuni ya ziada inayomtaka mchezaji abaki na aina moja raundi nzima. Soma masharti ya mashindano yenu, ila kwa ridhaa ni nadra kuikuta.

Kedi wa Zamani

Sheria inaruhusu, mimi nakusihi usifanye. Ukiutoa mpira wa kuzamisha umeshaujulisha mwili wako kwamba unakwenda kuzamisha, na mkono unalegea. Isitoshe, ukishavuka bado una mkwaju wa weji na pata kwa mpira usioujua. Chukua fimbo moja ndefu zaidi ya unayodhani inatosha, piga kwa utulivu, na mpira wako uwe na alama ya kalamu uutambue haraka. Ukiingia kwenye rafu ng'ambo ya pili una dakika tatu tu za kuutafuta.