Naomba ushauri: matangazo ya "zimebaki 5 tu" yanauza kweli?

Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini, nauza korosho zilizobanguliwa kutoka Newala, wateja wengi nawapata WhatsApp.

Kuna kijana nilimlipa aniandikie tangazo. Herufi kubwa tupu: "SIRI WASIYOTAKA UIJUE!", "ZIMEBAKI PAKITI 5 TU!", alama za moto kila mstari. Ndani nina maboksi manne yamejaa.

Siku tatu meseji zimemiminika, ila wengi wanauliza bei kisha kimya. Mama mmoja wa Lindi, mteja wangu wa miaka, akaniandikia: "Mwanangu, na wewe umeingia kwenye utapeli?" Iliniuma sana. Korosho hizi kina mama wanabangua kwa mkono, mafuta ya ganda yanawababua vidole, halafu mimi naziuza kwa uongo?

Nikaweka langu la kawaida: picha, bei ya kilo, siku zilipokaangwa. Waliouliza wachache, wanne wakalipa.

Wenye uzoefu, hizi kelele zinauza, au zinakusanya watazamaji tu? Na nitamharakishaje mteja bila kumdanganya? Msimu unaanza Oktoba, nataka nijipange mapema.