Nimenunua habu ya USB-C (kifaa cha kuongezea laptopu matundu), naipimaje kabla muda wa kuirudisha haujaisha?

Zuhura_video
Wakuu, habari za jioni. Nahariri video za harusi, na laptopu yangu ina matundu mawili tu ya USB-C. Leo nimechukua habu Kariakoo: HDMI, USB tatu, tundu la kadi ya kamera, la waya wa intaneti na la chaja. Muuzaji kanipa siku tatu za kurudisha. Mausi inafanya kazi, flashi inasoma, ila sitaki inigomee nikiwa nahamisha kazi ya mteja. Naipimaje?

fundi_usiku
Dada Zuhura, mausi haipimi kitu, hata habu bovu linaiendesha. Tafuta SSD ya nje, yaani diski ya kasi ya kuchomeka, kopi faili moja kubwa, GB 20 hivi: kwanza SSD ikiwa kwenye laptopu yenyewe, halafu ikiwa kwenye habu. Ikigota kwenye MB 35 au 40 kwa sekunde, hiyo ni USB 2.0, ile ya zamani ya polepole, hata kama tundu lina plastiki ya bluu. Bluu ni rangi tu, kiwandani wanaweka wanavyotaka. USB 3.0 ya kweli yenye SSD nzuri inafika MB 400 hivi. Wa Linux aandike amri ya lsusb -t kwenye terminali: akiona 480M ni ya zamani, 5000M ndiyo yenyewe.

Sasa lipe mzigo. Chomeka skrini, kadi, intaneti, chaja, vyote pamoja, uliache likikopi saa nzima. Bati kupata moto ni kawaida.

Kipimo ambacho wengi hawafanyi: SSD ikiwa inaandika, zima swichi ya chaja ukutani. Habu nyingi hapo hujizima na kuwaka upya, na diski inakatika sekunde moja au mbili. Sekunde hiyo ndiyo inayoharibu faili, na kwa umeme wetu unavyokatika utakutana nayo tu. Tumia faili za majaribio, kadi ya bibi harusi iache kabatini.

Zuhura_video
Asante sana kaka. Na skrini yangu ya 4K, mbona mshale unaruka-ruka?

fundi_usiku
Angalia kwenye mipangilio ya skrini, bila shaka imeandika Hz 30, yaani picha inabadilika mara 30 tu kwa sekunde. Waya ni ule ule mmoja, data na picha vinagawana njia, na habu za bei ya chini nyingi zinaishia hapo kwenye 4K. Shusha hadi 1080p utapata Hz 60. Huo si ubovu.

mdau_Tabata
Nyongeza: mausi isiyo na waya ikianza kusuasua diski inapofanya kazi, ni kwa sababu USB 3.0 inapiga kelele za redio kwenye masafa ya GHz 2.4, yale yale ya mausi. Kipokezi chake kichomeke tundu la mbali au kwenye kiwaya cha kurefushia.

Zuhura_video
Mrejesho: spidi safi, MB 390. Nimezima swichi ukutani, Windows ikalia tii-tu, SSD ikapotea na faili haifunguki. Nimerudia, hivyo hivyo. Asubuhi nairudisha na risiti yake.

fundi_usiku
Nenda na SSD na chaja yako, hiyo watakayokubadilishia ipime pale pale kaunta.